Mafunzo kwa Vyama vya Wavuvi: Kupokea Kazi ya Kufunga Shafti na Rafadha

Chama cha wavuvi kinaponunua mashine ya kufungwa ndani ya mashua, kamati hujadili bei ya mashine kwa vikao vingi, na kazi ya kuifunga hujadiliwa kwa dakika chache. Matokeo yake huonekana baadaye. Chombo hutetemeka, beringi ya nyuma huliwa upesi, maji huingia penye glandi, na lawama humwendea nahodha kwamba amegonga mwamba. Nahodha aweza kukatwa posho kwa kosa lililokuwamo chomboni tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo katibu, ingawa si fundi, hana budi kujua mambo machache kabla ya kutia sahihi vocha ya malipo ya mwisho.

Kazi huanza kwa waya mwembamba uliokazwa, kutoka tundu la fashini hadi mbele ya kitanda cha mashine. Waya huo ndio mstari wa shafti, na bomba, beringi na kitanda hupimwa kwa kuufuata. Fundi anayekisia kwa jicho yafaa aulizwe maswali mapema, kabla mbao hazijatobolewa.

Jambo linalosahauliwa kuliko yote ni kwamba mashua iliyo juu ya magogo ufukweni haina umbo lile lile la mashua iliyo majini. Juu ya magogo uzito wake hukaa mahali pachache. Majini huchukuliwa na maji mwili mzima, na mbao zilizokauka hunywa maji na kuvimba. Mkuku hupinda kidogo, na kidogo hicho chatosha kuharibu kazi. Ulinganishaji wa nchi kavu ni wa awali tu. Ule wa mwisho hufanywa chombo kikiwa kimeelea kwa siku mbili au zaidi, mafuta yakiwa tangini na vifaa vizito vikiwa mahali pake. Fundi aliyetoka mbali hapendi kungoja, naye huomba fedha zake zote mashua ingali mchangani. Asipewe. Mapatano yaandikwe tangu mwanzo kwamba sehemu ya malipo itabaki hadi kipimo cha majini kifanyike mbele ya nahodha na mjumbe mmoja wa kamati.

Kipimo chenyewe si kigumu. Shafti huunganishwa na gia kwa sahani mbili za chuma zenye bolti. Bolti hutolewa, na ncha ya shafti huinuliwa kiasi cha kuondoa uzito unaoifanya ilegee. Sahani husogezwa kwa mkono mpaka zikaribie kugusana, nazo zapaswa kuingiana bila kupigwa nyundo. Kisha nafasi iliyo kati yake hupimwa juu, chini, kushoto na kulia, kwa vile vibati vyembamba vilivyoandikwa unene wake. Tofauti isizidi sehemu moja ya elfu ya upana wa sahani. Kwa sahani ya milimita 100, hiyo ni milimita 0.1, karibu unene wa karatasi moja ya daftari. Nafasi ikiwa kubwa upande wa chini, mbele ya mashine pamekaa juu mno. Ikiwa kubwa upande wa juu, mbele pamekaa chini mno.

Hapo ndipo ugomvi wa nani alipe uwezapo kuamuliwa. Shafti igeuzwe nusu duara, sahani ya gia ikiwa imetulia, kisha ipimwe tena. Nafasi kubwa ikibaki mahali pale pale, mashine ndiyo iliyokaa vibaya, na kazi hiyo ni ya aliyeifunga. Ikizunguka pamoja na shafti, basi shafti imepinda au sahani yake haikuchongwa sawasawa. Itolewe ikapimwe karakana, kwani kuisogeza mashine hakutasaidia kitu. Chama kinachonunua beringi mpya kila msimu bila kufanya jaribio hili kinatupa fedha za wanachama baharini.

Kuna hila moja ya kuangaliwa. Bolti zikikazwa kwa nguvu, sahani zisizolingana nazo hukutana, na kwa macho kazi huonekana safi. Shafti iliyovutwa hivyo huzunguka kwa mkazo hadi kitu kivunjike. Ndiyo sababu kipimo hufanywa kabla ya bolti kurudishwa.

Kuhusu rafadha, ambayo baadhi ya wavuvi huiita pangaboi, ncha za mapanga ziache nafasi isiyopungua sehemu moja ya kumi ya upana wa mzunguko wake kutoka mwili wa chombo. Kwanza ivishwe kwenye shafti bila kii, na mahali inapofika patiwe alama. Ikivishwa tena pamoja na kii, ifike alama ile ile. Isipofika, imepanda juu ya kii na haikukaa kwenye shafti, itakuja kulegea. Nati zifungwe kwa pini.

Vipimo vyote vinne viandikwe katika daftari ya mali pamoja na tarehe na majina ya waliokuwapo, kisha virudiwe baada ya majuma machache ya kazi, kwa maana mipira iliyo chini ya mashine hujishindilia. Glandi ya kamba hudondosha matone mawili matatu kwa dakika shafti inapozunguka. Nahodha asisifiwe kwa glandi kavu kabisa: imekazwa mno, nayo inapata moto na kuila shafti.