Chumba cha Joto kwa Kobe na Chatu: Afya ya Wanaoishi Nao Nyumba Moja

Katika nchi ya Usukuma, mtu kuishi karibu na nyoka si habari ya kushangaza. Bayeye, chama cha kale cha wacheza ngoma na waganga wa kuumwa na nyoka, wamekuwa wakihifadhi chatu na nyoka wengine kwa vizazi vingi, na kuwatoa uwanjani baada ya mavuno, ngoma zinaposhindana mbele ya umati. Makumbusho ya Wasukuma yaliyoko Bujora, karibu na Kisesa mkoani Mwanza, yanahifadhi kumbukumbu za chama hicho pamoja na vyama vingine vya ngoma. Kobe naye ni mnyama mpole ambaye watoto humzoea kwa siku moja tu.

Somo hili linahusu mahali anapolala mnyama huyo. Mwakitolyo, kata ya wachimbaji wadogo wa dhahabu wilayani Shinyanga, ina nyumba nyingi za kupanga zenye chumba kimoja au viwili, na humo watu hulala, hupika na hutunza vyombo vyao vya kazi. Mnyama mtambaazi anahitaji joto, na mahali penye joto katika nyumba ya namna hiyo ni jikoni. Hapo ndipo asipopaswa kukaa kabisa. Ikiwa hakuna nafasi ya kumtengea chumba chake, basi nyumba hiyo haina nafasi ya mnyama huyo.

Jambo la kwanza ni sheria. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 hairuhusu mtu kumkamata wala kumfuga mnyamapori bila kibali, na chatu aliyeokotwa shambani ni mnyamapori kama walivyo wengine. Mwenye nia ya kufuga aanzie kwa ofisa wanyamapori wa wilaya. Mhudumu wa afya naye afahamu kwamba hofu ya sheria humfanya mgonjwa afiche habari za mnyama aliyeko nyumbani. Kwa hiyo swali kuhusu mnyama liulizwe kwa ajili ya tiba, na mgonjwa aelezwe hivyo mapema.

Mnyama asiyejitengenezea joto

Binadamu, ng'ombe na kuku hutengeneza joto la mwili kutokana na chakula wanachokula. Watambaazi, yaani reptilia, hulipokea joto hilo kutoka nje: kwenye jua, kwenye jiwe lililopashwa na jua, kwenye udongo. Mwili wa chatu ukipoa, tumbo lake haliwezi kusaga panya aliyemmeza. Mzoga huoza ndani, na mara nyingi nyoka huutapika. Kobe aliyepoa huacha kula, mapafu yake huingiwa na maradhi, na kinga yake hushuka. Ndiyo maana mtambaazi mgonjwa hawezi kupona akiwa baridini, hata akipewa dawa iliyo sahihi.

Hata hivyo hahitaji joto la namna moja chumba kizima. Porini huhama kutoka juani kwenda kivulini mara nyingi kwa siku, na chumba chake sharti kimpe nafasi ya kufanya vivyo hivyo. Kwa chatu, upande mmoja uwe na nyuzi joto 30 hadi 32 na upande wa pili karibu nyuzi 25. Kobe wa nchi kavu hupenda mahali pa kuota penye joto zaidi kidogo, lakini naye lazima awe na kivuli cha kukimbilia. Vipimajoto viwili vinatosha, kila upande kimoja, vikiwekwa kwenye kimo cha mgongo wa mnyama wala si juu ukutani. Kipimajoto cha homa hakifai kwa kazi hii, kwa kuwa vipimo vyake huanzia karibu nyuzi 35.

Anayejenga chumba hiki Mwakitolyo asihangaike mno na baridi akasahau jua. Katika miezi ya Septemba na Oktoba, chumba kidogo chenye paa la bati lisilo na dari huwaka mchana, na mtambaazi aliyefungiwa humo hufa kwa joto kwa saa chache, ilhali baridi ya usiku mmoja aghalabu humdhoofisha tu. Dari ya mbao au hata ya mikeka, matundu ya hewa karibu na dari, na kuta nene za tofali za udongo husaidia kuliko taa yoyote. Ukuta mnene hulipokea joto la mchana polepole na kulitoa usiku, na hiyo ndiyo saa linapohitajika. Baridi ya kuangaliwa ni ile ya usiku wa Juni na Julai.

Penye umeme wa kuaminika, balbu ya uzi ya aina ya zamani, iliyozungushiwa wavu ili mnyama asiiguse, hutosha kupasha upande mmoja. Balbu za kisasa zinazookoa umeme hazitoi joto la maana. Nyaya zikaguliwe na fundi, kwa sababu nyaya nyembamba zilizounganishwa kwa utepe katika nyumba za kupanga huanzisha moto. Penye umeme unaokatika, dumu la lita 20 lililojazwa maji ya moto, yasiyo ya kuchemka, na kufungwa kwa blanketi zito hutoa joto kwa saa nyingi za usiku. Kobe au nyoka asilale moja kwa moja juu ya kitu cha moto, kwani anaweza kubaki hapo mpaka akaungua. Kobe apelekwe juani nje kila siku inapowezekana: mionzi ya urujuanimno inayomsaidia kujenga mifupa na gamba haipiti kwenye kioo cha dirisha, na asiyeipata hulainika mifupa kama mtoto mwenye matege.

Jiko la mkaa halina nafasi humo

Njia rahisi ya kupasha chumba ni kuingiza jiko la mkaa na kufunga mlango. Njia hiyo inaua watu. Mkaa unaowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo huishika himoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Moshi ukiisha watu hudhani hatari imekwisha, kumbe mkaa uliokolea bila moshi huendelea kuitoa. Nayo haibaki chumbani mwa mnyama: hupita juu ya kuta zisizofika kwenye paa na kuingia wanakolala watu.

Mgonjwa huja na kichwa kinachouma, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu, akasomeka kama mgonjwa wa malaria. Dalili inayopaswa kumshtua mhudumu ni watu wawili au watatu wa nyumba moja kuamka na hali hiyo asubuhi moja, bila homa, wakapata nafuu wakiwa nje na kuugua tena wakirudi ndani. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kisimdanganye: hakiwezi kutofautisha himoglobini iliyobeba oksijeni na ile iliyoshikwa na kaboni monoksaidi, hivyo huweza kuonyesha asilimia 98 kwa mtu aliye hatarini. Mgonjwa atolewe kwenye hewa safi na apewe oksijeni ya kiwango cha juu kwa barakoa mara moja. Katika hewa ya kawaida sumu hii hupungua kwa nusu baada ya saa nne hadi tano; kwa oksijeni kamili, muda huo hushuka hadi karibu saa moja au moja na nusu. Mjamzito atibiwe kwa muda mrefu zaidi na apewe rufaa hata kama mwenyewe anajisikia vizuri, kwa kuwa mtoto aliye tumboni huathirika kuliko mama.

Kuna hatari nyingine inayohusu machimbo pekee. Chumba kilichowahi kutumika kuchomea dhahabu iliyoshikwa na zebaki kisigeuzwe kuwa chumba cha joto. Mvuke wa zebaki huganda kwenye kuta, bati na sakafu ya udongo, na chumba kinapopashwa huinuka tena. Anayeingia kila siku kulisha na kusafisha ndiye atakayeuvuta. Mikono inayotetemeka, usingizi unaokosekana, hasira zisizo na sababu na fizi zinazouma, kwa mtu asiyechoma dhahabu, ni sababu ya kuuliza chumba hicho kilikuwa cha nini hapo awali.

Bakteria wa Salmonela

Watambaazi wengi hubeba Salmonela tumboni bila kuugua, wakimtoa kwenye kinyesi mara kwa mara na mara nyingine wasimtoe kabisa. Kwa hiyo kipimo kimoja kisichomwonyesha si ushahidi wa usalama. Bakteria huyo husambaa kwenye ngozi na gamba la mnyama, kwenye maji ya karai lake na kwenye sakafu. Chumba chenye joto na unyevu humstawisha. Hilo ndilo jambo ambalo wafugaji wengi hawalitambui: juhudi ile ile inayomfanya kobe awe na afya huufanya uchafu wake uwe hatari zaidi.

Marekani ilijifunza somo hili kwa gharama. Kasa wadogo waliuzwa kama vitu vya kuchezea watoto, na watoto waliwatia mdomoni. Mwaka 1975 serikali ilipiga marufuku uuzaji wa kasa mwenye gamba lisilofikia inchi nne, yaani kama sentimita 10, kwa sababu hiyo.

Kwa mtu mzima mwenye afya, Salmonela wa aina hii huleta kuhara na homa ya siku chache, na tiba ni maji na chumvi ya kuongezea maji mwilini. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, hasa wa chini ya mwaka mmoja, kwa mjamzito, kwa mzee na kwa anayeishi na virusi vya UKIMWI, bakteria huweza kuingia kwenye damu. Lakini katika Kanda ya Ziwa kuna kundi linalostahili kutajwa peke yake: watoto wenye seli mundu. Kanda hii ni miongoni mwa sehemu za Tanzania ambamo wengi huzaliwa na ugonjwa huo. Wengu wao hupoteza kazi mapema, utumbo na mifupa yao hupata vidonda vidogo kwa kukosa damu, na Salmonela akipenya huenda kukaa ndani ya mfupa.

Fikiria mtoto wa miaka sita mwenye seli mundu, anayeletwa zahanati akilia kwa maumivu ya mguu. Mama amekwisha kuyaona maumivu kama hayo mara nyingi, na mhudumu pia. Anapewa dawa ya maumivu na maji, na kurudishwa nyumbani. Maumivu ya kawaida ya seli mundu hutulia baada ya siku chache. Haya hayatulii. Homa haishuki, mahali pamoja pa mfupa panavimba na hapashikiki, na huenda aliharisha wiki iliyopita. Huyo ana uambukizi wa mfupa mpaka ithibitike vinginevyo, na anahitaji rufaa, kipimo cha kuotesha damu na antibayotiki kwa wiki kadhaa. Kipimo cha Widal, ambacho zahanati nyingi hukitegemea, hakisaidii hapa: kinaweza kuonyesha taifodi kwa mtu mwenye Salmonela wa aina nyingine, na kumfanya mhudumu asiulize zaidi.

Wagonjwa wengi wa Salmonela hawakuupata kwa kobe. Maji machafu na chakula huchangia zaidi. Lakini kobe ni chanzo kinachoweza kuondolewa leo hii. Nyumba yenye mtoto wa seli mundu au mtoto mchanga isifuge mtambaazi, hata katika chumba tofauti, kwa kuwa mikono na viatu vya anayemhudumia hutembea nyumba nzima.

Katika nyumba nyingine, chumba kiwe na mlango wake wa nje, ndoo yake, fagio lake na ndala zisizotoka humo. Maji ya karai yamwagwe chooni, si kwenye sinki wala karibu na kisima. Sakafu ioshwe kwanza kwa sabuni, kisha kwa klorini, kwa kuwa klorini iliyomwagwa juu ya kinyesi hupoteza nguvu kabla ya kuua. Mikono ioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka mara baada ya kutoka. Panya wa kulishia chatu hubeba Salmonela pia, na kisu cha kuwakatia kisiwe cha jikoni.

Meno na sumu

Chatu hana sumu, lakini meno yake yamepinda kuelekea nyuma na huchana nyama anapovutwa. Jeraha lioshwe sana kwa sabuni na maji, na mgonjwa apewe chanjo ya pepopunda ikiwa imepita muda. Chatu mkubwa anaweza kumnyonga mtoto. Mlango wa chumba chake uwe na kufuli, na mtu asimlishe akiwa peke yake.

Nyoka wenye sumu kama swila, kifutu na koboko hawana nafasi nyumbani kwa kisingizio chochote, na nyoka aliyepashwa joto ni mwepesi kuliko yule anayekutwa shambani asubuhi. Aliyeumwa asichanjwe, asinyonywe jeraha wala asifungwe kamba ya kuzuia damu. Kiungo kitulizwe kama kilichovunjika, pete na bangili zivuliwe, na mgonjwa abebwe kwenda hospitali yenye dawa ya kuzuia sumu ya nyoka. Shirika la Afya Duniani liliyaweka majeraha ya nyoka katika orodha ya magonjwa yaliyosahaulika mwaka 2017, na wengi wanaokufa huwa wamechelewa njiani. Mganga anayeheshimiwa kijijini anaweza kumsindikiza mgonjwa hadi hospitali. Familia nyingi zitakubali kuondoka yeye akisema.

Katika kumhoji mgonjwa mwenye kuhara, homa isiyoeleweka, maumivu ya mfupa au kizunguzungu cha asubuhi, mhudumu aongeze maswali mawili: kuna mnyama gani anayelala ndani ya nyumba, na chumba chake kinapashwa joto kwa nini. Majibu yaandikwe kwenye kadi, ili mhudumu wa zamu inayofuata ayakute.