Mizani ya Chai na Sala ya Ijumaa

Ama baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, tumeletewa suala hili. Kijana wetu wa pwani ni karani wa kupimia majani ya chai upande wa Bomet. Siku ya Ijumaa wakulima huja na majani yao wakati uleule wa sala. Je, afunge mizani aende msikitini? Na akizuiwa, amedhulumiwa?

Jibu letu lina sehemu mbili: haki aliyo nayo, na haki iliyo juu yake.

Haki aliyo nayo imo katika Katiba ya Kenya ya mwaka 2010. Kifungu cha 32 kimempa kila mtu uhuru wa kuidhihirisha dini yake kwa ibada, na kimekataza mtu kunyimwa kazi kwa sababu ya imani yake. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 nayo imemkataza mwajiri kubagua kwa ajili ya dini. Basi kijana na aombe ruhusa mapema, kwa adabu, na ajitolee kufidia saa ile au kubadilishana zamu na mwenzake asiyekuwa Muislamu. Adhuhuri ya siku nyingine haina mashaka, kwani wakati wake ni kiasi cha saa tatu.

Ama haki iliyo juu yake, majani mabichi hayangoji. Yakilala guniani hupata joto na kuharibika, na jasho la mkulima likapotea. Kufunga mizani bila ya kuweka mtu ni dhulma. Mafakihi wa madhehebu yetu ya Shafi wamehesabu kuchelea mali kuharibika kuwa ni udhuru wa kuacha Ijumaa, na mwenye udhuru husali adhuhuri rakaa nne. Lakini udhuru haufanywi ada. Akinyimwa ruhusa kila wiki pasipo sababu, na apeleke shauri lake kwa afisa wa kazi, au atafute kituo kingine.

Liko jambo zito zaidi. Wapo wenzetu wanaodai haki yao kwa kifungu cha 32, kisha wakikaa nyuma ya meza ya ofisi ya umma humtanguliza Muislamu mwenzao, na Mkipsigi aliyefika alfajiri wakamwacha benchini. Kifungu cha 27 kinawakataza. Na kabla ya Katiba, Suratul Mutaffifin imewaonya wapunguzao vipimo bila ya kuuliza dini ya anayepimiwa, na aya ya 8 ya Suratul Maida imeamrisha uadilifu hata kwa watu tunaowachukia. Sembuse jirani aliyetupokea kwake?

Ndugu zetu, ataheshimiwa sala yake yule ambaye mizani yake inaaminiwa. Wallahu aalam.