Kuuliza mezani si ushamba

Leo naomba tukumbushane jambo ambalo wengi tunaliona dogo, nalo mbele ya Allah (s.w) si dogo: kuuliza kabla ya kula.

Mimi ni mkazi wa Chang'ombe, hapa Dodoma. Kwetu chakula hakina maswali mengi. Nyama tunanunua buchani, na kwa desturi ya nchi yetu aliyechinja ni Muislamu. Mishkaki ya jioni tunamjua anayeichoma, tunamjua na mama yake. Lakini tangu Serikali ilipoanza kuhamia hapa mwaka 2016, na mji ukapewa hadhi ya jiji mwaka 2018, migahawa ya kila aina imeongezeka, na sisi tunaalikwa.

Hivi karibuni mpwa wangu aliyehamia huku kikazi alinialika chakula cha usiku, yeye na mkewe. Baada ya Maghrib wakanipeleka kwenye mgahawa wa Kiitaliano. Vitambaa vyeupe mezani, uma za aina mbili, na orodha ya vyakula ambayo nusu yake sikuielewa. Mpwa wangu akaniagizia tambi zenye rojo la nyama ya kusaga, lile wanaloliita bolognese. "Hii ni ng'ombe tupu, mjomba," akanihakikishia. Moyoni nilikuwa na swali, lakini nikanyamaza. Niliogopa mhudumu asije akaniona mshamba.

Mkewe hakunyamaza. "Samahani dada, hili rojo mmelipika na nini?" Mhudumu akaenda jikoni, akarudi na mpishi mwenyewe. Yule bwana akatueleza bila kuficha: lina mvinyo, na lina mafuta kidogo ya nguruwe. Akatushukuru kwa kuuliza, akatupikia piza ya nyanya na jibini. Hakuna aliyetucheka.

Nilikula nimeinamisha kichwa. Mimi ndiye ninayewafundisha watoto wa mtaani hukumu za vyakula, na kumbe binti huyu ndiye aliyeniokoa na lile tonge.

Wala mpishi hakuwa na kosa. Mwaka 1982 chama cha mapishi cha Italia kilisajili rasmi namna ya kupika rojo hilo katika mji wa Bologna, na ndani yake mna nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi pamoja na mvinyo. Yeye kapika kama alivyofundishwa. Aliyepaswa kuuliza ni mimi.

Yapi tuyaulize?

Kwanza, majina ya nguruwe. Prosciutto, pancetta na guanciale ni nguruwe. Mortadella na salami kwa kawaida ni nguruwe pia. Tambi za carbonara hutiwa guanciale au pancetta. Na angalia herufi moja tu: kwa Kiitaliano peperoni ni pilipili hoho, lakini pepperoni ya piza za Kimarekani ni soseji ambayo mara nyingi ina nguruwe.

Pili, kilevi kisichoonekana. Wali wao wa risotto hutiwa mvinyo, na kitindamlo cha tiramisu mara nyingi hutiwa pombe. Wapo wanaosema moto unaimaliza pombe yote. Si kweli, sehemu yake hubaki. Na kwa madhehebu ya Imam Shafi, tunayoyafuata wengi wetu, mvinyo ni najisi, hivyo chakula kilichochanganywa nao kimenajisika.

Tatu, jibini. Ile ya Parmigiano Reggiano hugandishwa kwa kigandishi kinachotoka tumboni mwa ndama. Wanachuoni wamehitilafiana juu ya kigandishi cha mnyama asiyechinjwa kisharia. Hapo muulize sheikh unayemwamini.

Tambi zenyewe hazina neno. Muislamu al-Idrisi aliandika mwaka 1154 kuhusu mji wa Trabia, karibu na Palermo, ambako tambi zilitengenezwa na kusafirishwa kwa meli hadi nchi za Waislamu na za Wakristo. Sisi nasi tunazifuturia kila Ramadhani.

Atasema msomaji: mbona katika Sahih Bukhari, Mtume (s.a.w) alipoulizwa juu ya nyama ambayo haikujulikana kama ilitajiwa jina la Allah, aliwaambia watu walitaje wao kisha wale? Ni kweli, na ni rehema kwetu. Lakini waliowaletea ile nyama walikuwa watu waliokwishasilimu. Pale ambapo desturi ya mapishi yenyewe ni kutia mvinyo, dalili iko wazi, na hapo ndipo inapoingia Hadithi ya an-Nu'man bin Bashir (r.a), inayotufundisha kwamba mwenye kujiepusha na yenye shaka ameilinda dini yake na heshima yake.

Mwingine atasema bora tusiende kabisa. Asiyekwenda amesalimika, na meza inayonywewa pombe tumekatazwa kuikalia. Lakini vijana wetu wanakwenda tayari, kwenye semina, harusi na tafrija za ofisi. Tusipowafundisha kuuliza, watanyamaza kama nilivyonyamaza mimi.

Aliyekula bila kujua, Allah ni Mwenye kusamehe. Mimi nilikuwa na swali mdomoni, nikalimeza kwa kumwonea haya mhudumu. Ni mara ngapi nimefanya hivyo huko nyuma? Sijui, na hilo ndilo linaloniumiza.

Wabillah tawfiq.