KUITENGENEZA BUSTANI YA NYUMBANI BAADA YA MAFURIKO

Wakaao Kano na pwani ya ziwa karibu na Kisumu hawana haja ya kuelezwa gharika ni kitu gani. Mto Nyando huteremka kutoka vilima vya Nandi ukichukua udongo mwingi, na ufikapo katika uwanda wa Kano hukosa mteremko, maji yakatapakaa mashambani. Masika ya 2024 yalionyesha jambo hilo kwa mara nyingine. Lakini mwenye bustani yampasa kwanza ajue ni maji gani yaliyomwingilia, maana ya mto na ya ziwa si mamoja.

Maji ya mto huja kwa nguvu na huondoka baada ya siku au majuma. Maji ya ziwa hupanda polepole, wala hayana haraka ya kurudi. Kati ya 1961 na 1964 Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya mita 2, na miaka mingi ikapita kabla ya kushuka kufikia kimo chake cha zamani. Mwezi wa Mei 2020 lilifikia tena kimo cha 1964, hata likakizidi kidogo. Basi mtu ambaye bustani yake imemezwa na ziwa asikae akiingojea. Heri aanzishe nyingine mahali palipoinuka, ijapokuwa ni magunia machache ya udongo nyuma ya nyumba.

Ikiwa maji ni ya mto nayo yamekwisha kuondoka, kosa kubwa ni haraka ya jembe. Udongo mweusi wa Kano ukilimwa au kukanyagwa ungali tope hushikamana, na ukaukapo huwa mgumu kama tofali, mizizi isipate hewa. Mwenye bustani na atwae konzi ya udongo aifinyange kama donge, kisha alibonyeze kwa kidole gumba. Likibonyea kama ugali, bado. Likivunjika vipande, kazi yaweza kuanza.

Mboga zilizosalia ndizo zenye shida hasa, kwa kuwa nyumbani chakula ni haba na majani yaonekana mazima. Lakini maji yale yalipita katika vyoo vya shimo kabla ya kufika bustanini, na huenda yakaleta kipindupindu na homa ya matumbo. Majani na nyanya zilizoguswa na maji zing'olewe zitupwe, kuzisuuza hakutoshi. Kwa vitu viliwavyo vibichi, kama nyanya, karoti na vitunguu, ni salama zaidi zipite siku 120 tangu maji yaondoke hadi siku ya kuvuna. Mboga za kupikwa zina nafuu, kwa maana moto huua vijidudu, mradi zioshwe kwa maji safi na kuchemshwa sawasawa. Moto lakini hauondoi mafuta ya magari wala sumu. Palipo karibu na gereji au mifereji ya mji pasipandwe chakula mpaka Bwana Shamba apaangalie.

Wafanyao kazi katika matope wavae viatu vya mpira, hasa watoto, kwa kuwa kichocho hupatikana katika maji yaliyotuama kando ya ziwa.

Matope yaliyoachwa na mto yakiwa membamba yachanganywe na udongo wa chini. Yakipita shubiri moja yaondolewe kwanza. Kisha yafanywe matuta yenye kimo cha futi moja na upana wa futi nne, ili mkono ufike katikati pasipo kukanyaga, na kati yake ichimbwe mifereji ya kuelekea bondeni, si kwa jirani. Maji yaliyotuama hupoteza rutuba, ndiyo sababu mahindi baada ya gharika huwa ya manjano. Samadi iliyooza vema itiwe, na kunde zipandwe mapema, kwani hurudisha rutuba. Mchicha na mgagani, yaani akeyo, huchumwa baada ya majuma machache tu, hivyo hufaa kutangulia. Sukuma wiki ingoje kidogo.

Mipapai iliyosimama majini siku mbili tatu kwa kawaida haiponi, ikatwe. Mipera na miembe huvumilia zaidi. Iachwe mpaka ionekane kama yachipua. Na palipo na maji kila mwaka, mtu asishindane napo, bali apande nduma.