Shafti Iliyokatika Kwenye Taa za Barabarani: Mafunzo Niliyopata

Nina Ford Mustang ya mwaka 1990, V8 ya lita 5.0, niliyoinunua nikifanya kazi Houston, Marekani. Nilipoifunga turbo, fedha zote ziliishia mbele: injini, klachi, giaboksi. Nyuma niliacha difu ya kiwandani, ile Ford ya inchi 8.8. Jioni moja taa zikawaka kijani, nikaachia klachi, nikasikia mlio mkali wa chuma kupasuka. Nilipotoka nje, gurudumu la nyuma kushoto lilikuwa limechomoka pamoja na kipande cha shafti, limeegemea bodi. Namshukuru Mungu sikuwa kwenye mwendo.

1. Kinachokata shafti ni tairi. Kwa miaka miwili difu ile ilistahimili turbo kwa sababu tairi zangu za kawaida ziliteleza, na tairi ikiteleza nguvu inapata pa kutokea. Wiki moja kabla nilikuwa nimefunga tairi za mbio zinazonata lami. Zilipogoma kuteleza, mzigo wote ukaangukia shafti.

2. Piga hesabu ya gia ya kwanza. Wenye magari tunapenda kutajiana nguvu za farasi, lakini difu haizijui. Injini yangu inatoa nguvu ya kuzungusha ya Nyutonimita 600. Gia ya kwanza inazizidisha kwa 3.27, difu kwa 3.55, zikifika nyuma ni karibu 7,000. Shafti zangu zilikuwa na meno 28, unene kama milimita 30 na nusu. Za meno 31 zina kama 33 na nusu. Milimita tatu hazionekani kwa macho, ila uwezo wa shafti kuhimili msokoto unakua kwa kipeo cha tatu cha unene wake. Chuma kikiwa cha aina ileile, unaongeza kama theluthi nzima.

3. Uliza nini kinashika gurudumu shafti ikikatika. Hili ndilo lililonitia hofu. Kwenye difu yangu, shafti inazuiwa na kibanio kidogo chenye umbo la herufi C, kilichofichwa katikati ya difu. Shafti ikikatika popote kati ya kibanio na gurudumu, hakuna tena kinachoizuia kutoka. Kwenye Ford ya inchi 9 mambo ni tofauti: beringi imeshindiliwa kwenye shafti na kufungwa kwa bamba na bolti kwenye ncha ya ekseli, hivyo hata shafti ikikatika ndani, gurudumu linabaki mahali pake. Kuna vifaa vya kuondoa kibanio bila kukata ekseli, lakini mzee aliyenihudumia gereji alinikataza kwa gari la barabarani. “Ukikata kona kila siku, vitavuja oili,” alisema. Tulikata ncha za ekseli yangu tukachomea zile za beringi kubwa, za mtindo wa inchi 9. Usiingize gari lenye nguvu barabarani bila kulitatua hili.

4. Inchi 9 si lazima kwa kila mtu. Ford waliitumia kuanzia 1957 hadi 1986, na sifa zake ni za kweli. Pinioni yake, gia ndogo inayozungusha gia kubwa ya krauni, ina beringi ya ziada kwenye ncha, haiyumbi, na kitovu chote cha difu kinachomolewa kwa mbele na kuwekwa kingine kilichokwisha pangwa gia. Ila pinioni inakaa chini sana ikilinganishwa na krauni, meno yanasuguana zaidi, joto linapanda na nguvu kidogo inapotea njiani. Kwa gari langu, 8.8 yenye shafti za meno 31, na mabomba ya ekseli yaliyochomewa kwenye kitovu yasizunguke, inatosha.

5. Fundi wa kupanga gia ni nusu ya difu. Wangu alipaka meno ya krauni rangi ya njano, akazungusha, akatazama alama, akafungua tena. Mara nne. Kisha nikaendesha polepole, nikiiacha ipoe kila baada ya safari fupi, na oili ya kwanza nikaimwaga baada ya kilomita 800.

Kabla hujanunua tairi zinazonata, mwombe fundi wako achomoe shafti moja ya nyuma, muihesabu meno pamoja.