Meno bandia hayatengenezwi kwa saa moja: yanavyoundwa, na kwa nini subira inahitajika

Jino la mbele likitoka, haraka huanza siku hiyo hiyo. Mwenye kibanda pale Kimbo anachoka kuwahudumia wateja huku amefunika mdomo kwa kiganja. Kijana aliyeitwa kwa mahojiano ya kazi anahesabu siku, na bibi harusi anahesabu saa. Hapo ndipo hujitokeza fundi wa mtaani anayeahidi kurudisha jino kwa saa moja, kwa bei nafuu na bila foleni. Ahadi yenyewe mara nyingi huitimiza. Jioni hiyo jino lipo, jeupe na imara, na mwenyewe anarudi nyumbani akitabasamu. Shida huanza baadaye.

Ili mkazi wa Gatongora aweze kutofautisha kazi halali na ujanja, inafaa ajue meno bandia yanatengenezwa kwa kitu gani na yanapitia hatua zipi kabla ya kuingia mdomoni.

Plastiki ile ile, matokeo mawili

Sehemu ya waridi ya meno bandia, ile inayofanana na ufizi, hutengenezwa kwa plastiki iitwayo akriliki. Huja ikiwa unga na kioevu. Vikichanganywa hufanya donge laini kama la chapati, ambalo baadaye huwa gumu. Ilianza kutumika kwa meno bandia mnamo 1937, na hadi leo ndiyo inayotumika zaidi duniani. Fundi wa mtaani anaitumia, na maabara ya hospitali inaitumia. Kinachotofautiana ni namna inavyokomazwa.

Katika maabara, donge hufungiwa ndani ya kasha la chuma, likabanwa kwa nguvu, kisha kasha likazamishwa katika maji yenye joto la takriban nyuzi 74 kwa saa nane hivi, mara nyingi usiku kucha. Upole huo una sababu. Kioevu cha akriliki huchemka karibu na nyuzi 100, sawa na maji. Kikipashwa moto kwa pupa, huchemkia ndani ya donge na kuacha vitundu vidogo vidogo, kama mkate ulioumuka vibaya. Vitundu hivyo huwa makao ya vijidudu, na ndipo jino bandia linapovunjikia.

Ipo pia akriliki inayokomaa yenyewe bila moto, kwa dakika chache tu. Hii ina kazi yake halali: kuunganisha meno bandia yaliyovunjika, au kuunda trei za kuchukulia vipimo. Lakini ndani yake hubaki kioevu ambacho hakikugeuka kuwa plastiki, asilimia 3 hadi 5, wakati ile iliyopikwa vizuri hubaki na chini ya asilimia 1. Kioevu hicho huwasha ufizi, na kwa baadhi ya watu huleta mzio. Isitoshe, donge linapokomaa hutoa joto, na joto hilo likitokea mdomoni huunguza nyama laini.

Hiyo ya haraka ndiyo fundi wa mtaani huipaka ikiwa bado laini, moja kwa moja juu ya ufizi, akaizungusha kwenye meno mawili ya jirani ili ishike. Wengine huongeza waya, au gundi kali ya dukani. Inashika kweli, na kushika huko ndiko kunakoleta madhara. Meno bandia ya namna hii yameundwa yatolewe na kusafishwa, lakini haya hayatoki. Chakula hukusanyika chini yake mahali mswaki haufiki, ufizi huvimba na kutoa damu, mdomo hunuka, na meno ya jirani yaliyokuwa mazima huanza kuoza au kulegea. Aliyekwenda na pengo moja huishia na mapengo matatu.

Safari ya meno bandia yaliyotengenezwa sawasawa

Mtu aliyepoteza meno yote ya taya moja atarajie kumwona daktari mara tano hivi. Ikiwa meno yameng'olewa karibuni, kwa kawaida kuna kusubiri kwanza, wiki sita hadi miezi mitatu, ili kidonda kipone na mfupa utulie. Baada ya kung'olewa jino, mfupa ulioshikilia mizizi yake huanza kupungua, na hupungua kwa kasi zaidi katika mwaka wa kwanza. Meno yakitengenezwa juu ya ufizi ambao bado unabadilika, yatalegea mapema. Kuna utaratibu wa kuvalishwa meno siku ile ile ya kung'olewa, nao ni halali, lakini meno hayo hutengenezwa kabla ya kung'oa na hurekebishwa mara kadhaa baadaye.

Siku ya kwanza daktari huchukua chapa ya kinywa. Hutumia unga uitwao alginati, unaotokana na mwani wa kahawia wa bahari za baridi (si ule unaolimwa Zanzibar, huo una kazi nyingine). Unga huo huchanganywa na maji, ukawekwa katika trei na kubanwa mdomoni kwa dakika mbili au tatu hadi ugande. Chapa hiyo haisubiri: ikiachwa wazi hupoteza maji na kusinyaa, ikitumbukizwa majini huvimba. Kwa hiyo humiminiwa plasta upesi, na plasta ikikauka hupatikana sanamu ya taya la mgonjwa.

Juu ya sanamu hiyo fundi sanifu wa maabara hutengeneza trei inayolingana na mdomo wa mtu huyo peke yake, na chapa ya pili huchukuliwa kwa umakini zaidi, ikionyesha hata mishipa midogo inayoshikilia midomo na mashavu. Mara ya tatu daktari hutumia ukuta wa nta kupima jinsi mataya yanavyokutana: urefu wa uso mtu akiwa ametulia, mstari wa katikati, na kiasi cha meno kinachoonekana akicheka. Hapo pia ndipo rangi na umbo la meno huchaguliwa. Mzee wa miaka 70 akipewa meno meupe kama ya mtoto, kila mtu atayatambua kutoka ng'ambo ya barabara.

Mara ya nne ndiyo muhimu kuliko zote kwa mgonjwa, na wengi huipita kwa haraka. Meno yamepangwa kwenye nta, bado hayajapikwa. Mgonjwa huyajaribu, hujitazama kwenye kioo, huhesabu kwa sauti. Matamshi ya herufi kama "f", "v" na "s" humwonyesha daktari kama meno ya mbele yamekaa mahali pake. Huu ndio wakati wa kulalamika. Nta husogezwa kwa dakika moja; akriliki ikishapikwa, kusogeza jino moja ni kazi nyingine kabisa.

Mgonjwa akiridhika, sanamu yenye nta hufungiwa kwenye lile kasha la chuma, nta huyeyushwa kwa maji moto, na nafasi iliyoachwa hujazwa donge la akriliki. Baada ya kupikwa na kupoa polepole, kazi husuguliwa kwa unga wa jiwe la pumisi hadi ing'ae. Mara ya tano huvaliwa. Baada ya hapo hufuata marekebisho ya sehemu zinazochoma, nayo ni jambo la kawaida, si dalili kwamba kazi imeharibika.

Meno ya taya la juu hushikiliwa na utando mwembamba wa mate kati ya plastiki na kaakaa, kama vipande viwili vya kioo vyenye maji katikati. Ndiyo sababu chapa ikikosewa hata kidogo, yanaanguka. Ya chini yana shida zaidi: hayana kaakaa la kushikilia, ulimi huyasukuma, na mfupa wa taya la chini hupungua haraka zaidi kuliko wa juu. Anayelalamika kwamba meno ya chini yanacheza hadanganyi. Huenda yakahitaji kuongezwa tabaka jipya ndani, na kwa jumla seti moja hukaguliwa ili ibadilishwe baada ya miaka mitano hadi saba.

Walio na mapengo machache wana chaguo zaidi. Akriliki yenye vishikizo vya waya ni ya bei ya chini. Fremu ya kobalti na kromi ni nyembamba, imara, na huegemea meno yaliyobaki badala ya kuubana ufizi. Nailoni inayopindika hupendwa kwa sababu haionyeshi waya, ila kuirekebisha ni vigumu. Daraja na kofia za kauri au zirkonia hubandikwa zisitoke, lakini meno ya jirani huchongwa kwanza, na bei yake iko juu.

Kutoka pembe ya kiboko

Kabla ya akriliki watu walijaribu mengi. George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, hakuwa na meno ya mbao kama inavyosimuliwa. Aliyovaa yaliundwa kwa pembe ya kiboko, risasi na meno ya binadamu. Meno ya kiboko yalithaminiwa kwa kazi hiyo kwa kuwa ni magumu na hayageuki manjano upesi, na katika karne ya 19 yalikuwa miongoni mwa bidhaa zilizosafirishwa ng'ambo kutoka Zanzibar. Kisha kikaja kipindi cha mpira mgumu, uliokuwa wa bei nafuu lakini wenye rangi ya kahawia isiyofanana na ufizi wa mtu.

Jino linaloweza kuzibwa lisichukuliwe

Utafiti wa kitaifa wa afya ya kinywa wa 2015 ulionyesha kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya watatu nchini ana meno yaliyooza. Mengi kati ya hayo, yakiwahiwa, huzibwa.

Amalgamu, ile ya rangi ya fedha, ni nusu zebaki. Nusu nyingine ni fedha, bati na shaba. Hudumu miaka mingi kwenye magego. Lakini chini ya Mkataba wa Minamata wa 2013 kuhusu zebaki, nchi zinapunguza matumizi yake, na mwaka wa 2022 ilikubaliwa isitumike kwa watoto walio chini ya miaka 15, wajawazito na wanaonyonyesha, isipokuwa mtaalamu aone kuna haja. Aliye nayo ikiwa nzima hana sababu ya kukimbilia kuitoa. Kuichimba ndiko kunakotoa mvuke mwingi wa zebaki.

Kompositi hufanana na jino na hukomazwa kwa taa ya buluu, tabaka la milimita mbili kwa wakati mmoja. Haipendi unyevu: mate yakiingia, haishiki. Glasi ayonoma haina nguvu nyingi kama hizo, ila hujishikilia yenyewe kwenye jino na hutoa floraidi kidogo kidogo. Ndiyo iliyosaidia kusambaza mbinu iliyoanzia Tanzania katikati ya miaka ya 1980, chini ya mpango wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliouongoza Jo Frencken: kukwangua sehemu iliyooza kwa vifaa vya mkono, bila mashine wala umeme, kisha kuziba. Mtoto anayeogopa sauti ya mashine anaweza kumwomba daktari njia hii kupitia mzazi wake.

Wapo pia wanaotafuta kufunikwa meno yasiyo na ugonjwa, kwa sababu ni ya kahawia. Maji ya visima vya kuchimbwa katika sehemu nyingi za Kiambu na Nairobi yana floraidi nyingi, na mtoto akiyanywa meno yake ya kudumu yanapokuwa bado yanaundwa, hutoka na madoa. Kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Meno hayo mengi bado ni mazima. Daktari anaweza kuyang'arisha au kuyafunika kwa kompositi nyembamba. Kuyang'oa ili kuweka ya plastiki ni hasara.

Kabla ya kulipa, na kama tayari umebandikwa

Anayetibu meno nchini Kenya lazima awe amesajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, na awe na leseni ya mwaka husika. Kliniki yenyewe pia hupewa leseni. Mkazi ana haki ya kuomba kuziona zote mbili, na jina linaweza kutafutwa kwenye tovuti ya baraza hilo. Fundi sanifu wa maabara hufanya kazi kwa maagizo ya daktari. Thika Level 5 na Kiambu Level 5 zina idara za meno. Uliza mapema gharama ya kila hatua, na kama bima yako inalipia.

Meno bandia husafishwa kwa mswaki laini na sabuni, juu ya beseni lenye maji ili yakiponyoka yasivunjike. Maji moto huyapinda. Usiku hutolewa na kuwekwa katika maji safi. Hili ni la lazima hasa kwa kibamba kidogo chenye jino moja: mtu anaweza kukimeza usingizini, na akriliki ya kawaida haionekani vizuri kwenye eksirei.

Aliyekwisha kubandikwa jino na fundi wa mtaani asijaribu kulibandua kwa koleo au kisu, kwa maana huenda likatoka na jino zima la jirani. Aende hospitalini, amweleze daktari bila aibu ni nini kilitumika, iwe waya, gundi au unga na kioevu, na ni lini. Daktari atalikata kwa mashine kipande kwa kipande, autibu ufizi, kisha apime upya. Kosa la kutibu bila leseni ni la aliyetibu, si la mgonjwa.