Jogoo wa Bibi Asubiri Kwanza

Mdogo wangu wa Igombe, barua yako nimeisoma ndani ya daladala hadi nikapitiliza kituo. Mtoto wa kaka yako ana miaka 6. Taya lilivimba, meno yakaanza kucheza, mkadhani ni jipu la jino. Hospitali ya Bugando wakamkata kinyama, majibu yakatoka: limfoma ya Burkitt. Tangu hapo mko kikaoni. Kaka yako anataka kiwanja kiuzwe mtoto aende India, maana ameona kwenye simu "seli zilizofundishwa kuua saratani". Bibi anataka aende kwa mwombezi, na jogoo wa nadhiri keshamtenga. Unaniuliza nani msikilizwe.

Siku tisa za kikao, jamani! Uvimbe huu ni miongoni mwa saratani zinazokua haraka kuliko zote kwa binadamu. Unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Shavu la Jumatatu silo la Alhamisi. Kesho alfajiri mtoto arudi wodini. Haya mengine myasome mkiwa benchi la hospitali.

Kaka yako hajadanganywa. Seli hizo zipo. Mgonjwa hutolewa damu, wakachambua zile chembe nyeupe ambazo shuleni tuliambiwa ni askari wa mwili. Maabara huzipandikizia jeni mpya, na kinachobeba jeni hiyo mara nyingi ni kirusi cha ukoo wa VVU kilichonyang'anywa makali. Umeona maajabu? Seli ikishaipata, inaitambua alama iitwayo CD19 iliyo juu ya chembe za limfoma, inazishambulia. Huzalishwa kwa mamilioni, kisha mgonjwa hurudishiwa kwa dripu. Emily Whitehead wa Marekani alipewa mwaka 2012 akiwa na miaka 6, leukemia yake ikiwa imegoma kila dawa. Homa ilimpanda hadi akalazwa mahututi, akaokolewa na dawa ya baridi yabisi. Daktari Carl June, mmoja wa watafiti wa seli hizo, aliijua dawa hiyo kwa sababu binti yake mwenyewe alikuwa na ugonjwa wa viungo. Emily alipona.

Sasa bei. Tiba hiyo iliporuhusiwa Marekani mwaka 2017 ilitangazwa kwa dola 475,000. India wameruhusu ya kwao mwaka 2023 kwa takribani moja ya kumi ya hapo, na bado kiwanja cha Igombe hakifiki, hata ukiongeza na mtumbwi. Isitoshe, seli hizi hufikiriwa pale ugonjwa unaporudi au unapogoma. Wa kwenu hata dozi moja hajapata.

Mwambie pia kaka yako kwamba jina hilo la Burkitt linatoka kwenye Ziwa Victoria hilihili letu. Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji pale Mulago, Kampala, mtu wa jicho moja. Watoto wenye mataya kama ya mwanenu walimsumbua akili, akaandika habari zao mwaka 1958. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari kuukuu wakazunguka karibu kilomita 16,000, kutoka Uganda wakapita Tanganyika hadi kusini mwa Afrika, hospitali kwa hospitali, wakiuliza swali moja: hapa mnao watoto wa namna hii? Waliona ugonjwa umejikita kwenye ukanda wa joto na mvua, penye malaria nyingi. Mwaka 1964 kirusi cha Epstein-Barr kikagunduliwa kwenye uvimbe huo. Hospitali hazikuwa na mashine za mionzi, ikabidi zijaribiwe dawa kama methotreksati na saiklofosfamaidi, na wapo watoto ambao taya lilinywea kwa dozi chache tu. Dawa hizo ndizo mpaka leo zimo kwenye kemo ya ugonjwa huu. Hela ikiwabana, nendeni ofisi ya ustawi wa jamii palepale hospitalini, waelezeni bila aibu.

Kuhusu bibi, usimkemee. Lisikilize kwanza neno analolitaja, saratani. Utotoni tulikuwa tukipindua mawe ufukweni kutafuta kaa. Siku moja kaa mmoja alinibana kidole cha shahada; nikivuta, anakaza; nikipiga kelele, anakaza. Wagiriki wa zama za tabibu Hippocrates waliuita uvimbe wa namna hii karkinos, yaani kaa, na tabibu Galen baadaye akasema mishipa inayouzunguka imetanuka kama miguu ya kaa. Waarabu wakalitafsiri neno: saratani, kaa uleule, na sisi tukalipokea. Kwa hiyo bibi akisema "saratani" anasema neno la waganga wa kale bila kujua.

Na waganga hao hawakuwa watu wasio na dini. Kiapo chao kinaanza kwa kuitaja miungu, akiwemo Asclepius, mungu wa uponyaji. Wagonjwa walisafiri hadi hekalu lake huko Epidaurus, wakalala humo wakingoja mungu awatokee ndotoni. (Sisi wa Kanda ya Ziwa tuliopanda magari mwaka 2011 kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya Babu kwa shilingi 500 tusiwacheke.) Lakini katika maandishi ya shule hiyo ya Hippocrates kuna moja linalosema kifafa, ugonjwa walioudhania mtakatifu, si mtakatifu kuliko magonjwa mengine, una chanzo chake mwilini. Kumwamini Mungu na kutafuta chanzo viliishi nyumba moja.

Mwombezi basi aje wodini saa ya kuona wagonjwa. Akimwambia mama wa mtoto akatae dripu, huyo mtoeni.

Na jogoo? Socrates, dakika za mwisho kabla sumu haijammaliza, alimkumbusha rafiki yake Crito kwamba wana deni la jogoo kwa Asclepius. Waliopona ndio walimpelekea mungu huyo shukrani. Mwambie bibi amfunge mguu chini ya mwembe, ampe pumba, amnenepeshe. Siku mtoto akishuka kile kilima cha Bugando kwa miguu yake, mnipigie. Mchele nitakuja nao mimi.